Maswali na majibu: Mwandishi, mtoa habari na siri waliyowekeana

Mwandishi anaweza kufungwa kwa habari ambayo hata hakuiandika?

Anaweza. Mwaka 2003 nchini Marekani, safu ya gazetini ya mwandishi Robert Novak ilimtaja Valerie Plame kuwa afisa wa CIA, shirika la ujasusi la nchi hiyo. Wachunguzi wakataka kujua nani serikalini alivujisha siri hiyo. Judith Miller wa New York Times hakuandika habari hiyo, ila alikuwa amezungumza na mtu wa ndani ya serikali. Alipokataa kumtaja, mahakama ilimweka mahabusu siku 85 mwaka 2005. Alitoka baada ya mtu huyo, Lewis Libby wa ofisi ya Makamu wa Rais, kumwambia kwa barua na kwa simu kwamba ruksa aseme. Hapo ndipo nasimama: mwenye kufungua kinywa cha mwandishi ni mtoa habari mwenyewe.

Katiba yao haiwalindi?

Si kwa hili. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba mwandishi akiitwa kutoa ushahidi kwenye uchunguzi wa jinai hana kinga ya kukataa. Majimbo mengi yametunga sheria za kumlinda, lakini siri za taifa huchunguzwa na serikali kuu, ambayo sheria hizo haziibani.

Nikikaa kimya, mtoa habari wangu yuko salama?

Hapana, na swali hili ndilo linaloninyima usingizi. Mwaka 2013 shirika la habari la AP la Marekani liliarifiwa kwamba Wizara ya Sheria ilikwisha kuchukua kimyakimya rekodi za simu za laini zaidi ya 20 za shirika hilo na waandishi wake. Hakuna mwandishi aliyeulizwa kitu.

Mwaka 2017 waandishi waliionyesha serikali nakala ya hati ya siri ili kuithibitisha. Nakala ilikuwa na alama za mikunjo, dalili kwamba ilitoka kwenye printa. Wachunguzi wakatazama nani aliichapa: watu 6 tu. Mmoja wao, Reality Winner, alihukumiwa kifungo cha miaka 5 na miezi 3. Tafadhali, hati ya mtu usiitoe mkononi. Uliza kuhusu yaliyomo, kwa maneno yako.

Nimwahidi siri kila anayeomba?

Usikimbilie. Kwanza mkubaliane: utaficha jina tu, au na cheo? Mhariri atajua? Mahakama ikikuita, je? Ukishaahidi, ofisi nzima imeahidi. Magazeti mawili ya Minnesota yaliwahi kupuuza ahadi za waandishi wao, yakamtaja mtoa habari wao, Dan Cohen. Alifukuzwa kazi siku hiyohiyo.