Misuli mikubwa ya mwili inafanya kazi gani, na kwa nini kushuka ngazi kunauma kuliko kupanda?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko mwaka wa kwanza, nasoma kozi ya afya, tumeambiwa tuijue misuli mikubwa ya mwili pamoja na kazi zake. Nimekariri majina kama 30, kesho yake nusu yameshapotea. Naomba unieleweshe ipi ndo ya msingi na inafanya nini. Na la pili, juzi lifti iliharibika nikapanda ghorofa nane kwa ngazi afu nikashuka. Kupanda ndo nilihema sana, kushuka hata sikuhisi kitu, lakini siku mbili baadae mapaja yaliniuma kwelikweli na mwenzangu akaniambia kilichokuumiza ni kule kushuka. Inawezekanaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwenzako yuko sahihi, tutafika huko, lakini nianze na hilo la kukariri maana ndo linalowatesa wengi.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, kutwa nzima mikono yangu iko kwenye misuli ya watu, na kitu kilichonisaidia kuielewa ni kimoja tu: msuli hausukumi, unavuta. Basi. Unajikaza, unakuwa mfupi, unavuta mfupa. Hata unaposukuma ukuta kwa nguvu zako zote, huko ndani hakuna msuli hata mmoja unaosukuma, kuna misuli inayovuta nyuma ya kiwiko ili mkono unyooke na mingine inayovuta mbele ya kifua ili mkono wa juu uende mbele. Sasa karibu kila msuli wa mifupa una ncha mbili, zimeshikizwa kwenye mfupa kwa kano, na katikati hapo unavuka kiungo, kimoja au zaidi. Kwa hiyo ukijua umeshika wapi na wapi, na umepita mbele au nyuma ya kiungo, kazi yake unaisoma mwenyewe bila kukariri.

Na kwa kuwa unavuta tu, hauwezi kujirudisha. Lazima awepo mwenzake upande wa pili wa kuvuta kurudi, ndo maana misuli inafundishwa kwa jozi. Mwilini ipo zaidi ya 600, kwa mtu mzima wa kawaida inachukua kama asilimia 40 ya uzito, lakini mtihani na maisha ya kila siku vinabebwa na kama 20 hivi.

Tuanze na mkono maana hapo unaweza kujipima sasa hivi ulipokaa. Kunja kiwiko nyuzi 90, kiganja kiangalie chini, afu weka vidole vya mkono wa pili juu ya baisepsi, ule msuli wa mbele ya mkono. Bila kusogeza kiwiko geuza kiganja kiangalie juu, kwa nguvu kidogo. Umesikia ulivyofura? Hukukunja chochote, umegeuza kiganja tu. Sababu ni kwamba juu baisepsi imeshika kwenye mfupa wa bega la nyuma, chini imeshika kwenye ule mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, na huo mfupa ndo unaozunguka unapogeuza kiganja. Kwa hiyo baisepsi ina kazi mbili, kukunja kiwiko na kugeuza kiganja kiangalie juu, na wanafunzi wengi sana wanaandika ile ya kwanza tu. Chini yake kuna brakialisi, haionekani sana lakini ndo farasi wa kazi wa kukunja kiwiko, umeshika kwenye mfupa wa pili wa kigasha ambao hauzunguki, kwa hiyo wenyewe haujali kiganja kiko vipi, unakunja tu. Nyuma kuna traisepsi yenye vichwa vitatu, kazi yake kunyoosha kiwiko, basi hiyo ndo jozi.

Ukiwa hapohapo, shika kigasha karibu na kiwiko uchezeshe vidole. Unasikia nyama inatembea chini ya mkono wako? Misuli yenye nguvu ya kukunja na kunyoosha vidole haipo vidoleni, ipo huko kwenye kigasha, na inavuta kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Mgonjwa akija na jeraha la kisu kwenye kifundo cha mkono na kidole hakikunjiki, usihangaike na kidole, kano imekatika huku juu.

Begani kuna deltoidi, umefunika bega kama kofia, unainua mkono kwa pembeni, mbele na nyuma kutegemea sehemu gani imekaza. Lakini chini yake kuna minne midogo, inaitwa kwa pamoja rotata kafu, na hiyo nakusihi usiidharau. Kiungo cha bega kina soketi ya kina kifupi sana, na hiyo minne ndo inayoushikilia mpira wa mfupa usiteleze wakati deltoidi inavuta. Watu wengi wanaokuja kwangu bega linauma wakiinua mkono, shida haiko kwenye deltoidi, iko kwenye hiyo minne.

Kifuani kuna pektoralisi kubwa, inaleta mkono mbele na kuuvuta kuelekea katikati ya mwili. Mgongoni latisimasi, mpana kuliko yote, unaanzia chini kwenye uti wa mgongo na nyonga unaishia mbele ya mfupa wa mkono wa juu, kwa hiyo ukifupika mkono unashuka na kurudi nyuma, ndo unaotumika mtu akijivuta kupanda ukuta. Trapeziasi uko juu ya mgongo mpaka shingoni, unapandisha mabega na kuyarudisha nyuma. Shingoni kuna jina refu, stenoklaidomastoidi, lisikutishe. Simama mbele ya kioo ugeuze uso kushoto, angalia shingo upande wa kulia, utaona kamba imesimama kutoka nyuma ya sikio mpaka katikati ya mtulinga na kidari. Ndo huo. Wa kulia unageuza uso kushoto. Swali hilo linapenda kutoka mtihani na watu wanalikosa kwa sababu wanadhani wa kulia lazima ugeuze kulia.

Tumboni ule wa mbele wenye vipande vipande unakunja kiwiliwili, wa pembeni unakizungusha na kukiinamisha upande, na ule wa ndani kabisa umezunguka kama mkanda, unabana tumbo na kuulinda mgongo. Nyuma kuna misuli mirefu iliyosimama pembeni ya uti wa mgongo, inakunyoosha na pia inakushikilia usidondoke unapoinama. Na usisahau kiwambo, kile kilichotenganisha kifua na tumbo, kikikaza kinashuka na hewa inaingia. Ni msuli wa mifupa kabisa japo unafanya kazi hata ukiwa umelala.

Sasa miguu, hapa nitakaa kidogo. Gluteasi maksimasi, msuli wa makalio, ndo mkubwa kuliko yote mwilini. Unanyoosha nyonga, yaani unapeleka paja nyuma. Ukitembea taratibu sehemu tambarare haufanyi kazi kubwa, lakini ukiinuka kwenye kiti, ukipanda ngazi au ukikimbia unawaka. Pembeni yake kuna gluteasi midiasi. Weka mkono pembeni ya nyonga afu inua mguu wa upande mwingine, utausikia unakuwa mgumu upande uliosimamia. Unazuia nyonga isianguke upande ule usio na mguu chini. Kila hatua unayopiga kuna muda umesimama kwa mguu mmoja, kwa hiyo huo ukiwa dhaifu mtu anatembea akiyumba, na unaweza kuligundua tatizo kwa kumwangalia tu anavyokuja mlangoni.

Mbele ya paja ni kwadrisepsi, misuli minne inayoungana kwenye kano moja, ndani ya kano hiyo kumekaa kifuniko cha goti, afu inashuka kushika mbele ya mfupa wa muundi. Kazi kunyoosha goti. Kifuniko cha goti kipo kuisogeza kano mbali kidogo na kiungo ili mvuto uwe na nguvu zaidi, sawa na unavyoshika spana mbali na nati. Nyuma ya paja ni hamstringi, mitatu, inaanzia kwenye mfupa unaoukalia inaishia chini ya goti, kwa hiyo imevuka viungo viwili, inakunja goti na inanyoosha nyonga. Hakikisha mwenyewe: simama, inua goti lililokunjwa kuelekea kifuani, linapanda vizuri. Sasa jaribu na mguu ulionyooka, unakwama njiani na nyuma ya paja panavuta. Nyonga ni ileile, kilichobadilika ni kwamba hamstringi imenyooshwa ncha zote mbili kwa wakati mmoja.

Shavu la mguu lina miwili, gastroknemiasi juu na soleasi chini yake, yote inaishia kwenye kano ya kisigino, nene kuliko kano zote mwilini, na kazi yake kuinua kisigino. Tofauti ni kwamba gastroknemiasi umeanzia juu ya goti, soleasi umeanzia chini. Kwa hiyo ukikunja goti gastroknemiasi unalegea, kazi inabaki kwa soleasi. Huu soleasi pia unasukuma damu kurudi juu kila unapokaza, ndo maana mtu akisimamishwa wima bila kusogea muda mrefu anaweza kuzimia, damu imebaki chini. Mbele ya muundi kuna tibialisi wa mbele, unainua unyayo. Ukishindwa, vidole vinaburuta chini.

Haya, ngazi zako. Ndani ya kila uzi wa msuli kuna nyuzi za protini za aina mbili, aktini na mayosini, na tangu 1954 tunajua kwamba msuli unafupika kwa hizo nyuzi kuteleza moja kati ya nyingine, zenyewe hazikunjwi. Mayosini ina vichwa vinavyoshika aktini, vinavuta, vinaachia, vinashika tena mbele, na kila kuachia kunahitaji nishati. Ukipanda, kwadrisepsi na makalio yanafupika huku yanakubeba, nishati inakwenda nyingi, ndo maana ulihema.

Ukishuka ni hadithi nyingine. Mguu wa nyuma unakunja goti taratibu kukushusha, na kwadrisepsi yake inakaza lakini inazidi kurefuka, yaani inafanya breki. Vichwa vya mayosini vimeshika afu vinang'olewa kwa nguvu ya uzito wako, bila kutumia nishati nyingi, ndo maana hukuhema. Lakini kwenye breki mwili unatumia nyuzi chache za msuli kwa uzito uleule, kwa hiyo kila uzi unabeba mzigo mkubwa zaidi na baadhi zinachanika vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho. Baadae mwili unaanza kukarabati, panavimba kidogo, panauma, na kilele ni kati ya saa 24 na 72. Ukisikia mtu anasema ni asidi iliyobaki kwenye msuli usimkubalie, hiyo inaondoka ndani ya saa moja mbili tu, haiwezi kukusubiri siku mbili.

Tembea kawaida, usikae kitako siku nzima, na wiki ijayo shuka tena ngazi chache, utashangaa maumivu yatakavyokuwa madogo maana msuli unajizatiti haraka sana baada ya mara ya kwanza. Ila ukiona paja limevimba likawa gumu, nguvu zimeisha, au mkojo umekuwa wa kahawia iliyokolea, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho, hapo msuli umevunjika kupita kiasi na mabaki yake yanaweza kuumiza figo.