Aloi "ngumu" au aloi isiyokatika?

SWALI: Natafsiri maelezo ya aloi (metali zilizochanganywa) za mitambo ya joto kali. Nimeandika: "Aloi hii hubaki ngumu hata baada ya kupashwa joto la nyuzi 700 kwa saa 10,000." Mhandisi aliyepitia kazi amelikataa neno "ngumu". Mwenzangu anapendekeza "hubaki na ukakamavu". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mhandisi. Katika mazungumzo, "ngumu" hubeba yote: kisichobonyea, kisichovunjika, hata mtihani. Kwenye metali, kutobonyea na kutovunjika ni sifa mbili tofauti, na joto la muda mrefu ndilo huzitenganisha. Chuma cha pua chenye kromi nyingi kikikaa muda mrefu kwenye nyuzi 600 hadi 900 hivi, kromi na chuma huweza kuungana humo ndani na kufanya chembechembe ziitwazo sigma. Hizo ni ngumu kweli: ukiikandamiza metali kwa ncha ya almasi, namba ya ugumu inaweza hata kupanda. Lakini ikishapoa, ipige nyundo uone. Inakatika kama kigae. Kwa hiyo sentensi yako ingeweza kuisifia aloi iliyokwisha kuharibika.

Anachotaka mhandisi hupimwa kwa namna nyingine. Kijiti cha milimita 10 kwa 10 kwa 55, chenye mkato wa V wa kina cha milimita 2, hupigwa na nyundo inayobembea, kisha husomwa ni jouli ngapi za nishati zimetumika kukivunja. Ni pigo, basi tuseme pigo: "uwezo wa kuhimili pigo bila kukatika". Ni refu, najua, lakini halimpotoshi mtu.

"Ukakamavu" siupendi hapa. Kilichokakamaa ni kikavu kisichopindika, na aloi nzuri ni ile inayokubali kupinda kidogo kabla ya kukatika. "Uimara" haukosei, ila hausemi imara dhidi ya nini.

Na "kupashwa joto" je? Tunapasha kitu ili kipate moto, basi. Saa 10,000 ni zaidi ya mwaka. Hapo aloi imekaa kwenye joto. Kama maelezo yanatoa matokeo ya jaribio, acha pia "hu-", maana hiyo ni ya jambo la kawaida. Andika: "Baada ya kukaa kwenye joto la nyuzi 700 kwa saa 10,000, sampuli za aloi hii zilibaki na uwezo wa kuhimili pigo bila kukatika."