Injini Ikilia na Pikipiki Isivute, Anza na Klachi

Kijana mmoja wa Sironko, mashariki mwa Uganda, ameniandikia wiki hii. Ana Honda CG125 ya zamani aliyoachiwa na baba yake, na ndiyo inayomshushia kahawa kutoka mlimani. Anasema: "Mzee wangu, nikipanda na mzigo injini inalia sana lakini pikipiki haivuti. Fundi amesema injini imechoka, nitafute pesa ya pistoni na ringi. Nifanye nini?"

Ujumbe huo umeniuma. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, hapa hapa Mbale, kwa pikipiki ya aina hiyo hiyo, na nikalipa. Kwa hiyo namjibu yeye, na wengine wote mnaopanda na kushuka Mlima Elgon mkitegemea pikipiki za zamani kulisha nyumba zenu.

Yangu ilianza kwenye kona za kupanda Sipi. Huku chini kwenye tambarare ilikimbia vizuri, usingejua ina ugonjwa. Tukiugusa mlima, mama watoto amekaa nyuma na gunia liko mbele yangu, naongeza mafuta, sauti ya injini inapanda, mwendo unapungua. Naongeza tena, inalia zaidi, na bado tunarudi nyuma ya watu wanaosukuma baiskeli. Tukisimama, nasikia harufu ya kitu kinachoungua, ila moshi hakuna.

Nikaipeleka gereji. Bwana yule nilimjua miaka mingi, watoto wetu walikaa darasa moja. Akapiga kiki, akasikiliza kidogo, akaniambia, "Shemeji, injini hii imekwisha." Hakuipanda wala hakushika mkono wa klachi. Pesa ya kahawa ya msimu ule, ambayo nilikuwa nimeitenga kwa karo, ikaingia kwenye pistoni mpya, ringi mpya na kazi ya mikono yake. Nikarudi mlimani na gunia moja tu. Kona zile zile, kilio kile kile. Nilipomrudia akasema injini mpya inahitaji kuzoea. Mpaka leo hajaniomba radhi. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri na mimi naitikia, lakini moyoni jambo hilo bado lipo.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja ambaye ujanani alitengeneza pikipiki za maafisa wa kilimo. Hakushika spana. Aliniuliza swali moja: "Mwendo ukipungua mlimani, sauti ya injini inashuka au inapanda?" Nikamjibu inapanda. Akasema, "Basi injini yako ni nzima. Nguvu ipo, haifiki kwenye tairi."

Kijana wangu, ushike swali hilo. Injini iliyochoka hushuka sauti pamoja na mwendo, na mara nyingi hutoa moshi au hula oili. Klachi, ile sehemu inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia, ikiteleza, injini hukimbia peke yake na kuiacha pikipiki nyuma. Ndani ya klachi kuna pleti zenye kitambaa cha msuguano, zimepangwa kwa zamu na pleti za chuma, na springi zinazibana pamoja. Zikibanwa sawasawa, zote huzunguka kama kitu kimoja. Mbano ukilegea, upande wa injini unazunguka na upande wa gia unabaki. Kwenye tambarare hutaona kitu kwa sababu mzigo ni mdogo. Mlima hauwezi kudanganywa.

Uhakikishe mwenyewe. Tafuta barabara iliyo wazi, weka gia ya nne, nenda mwendo wa kawaida, kisha fungua mafuta kwa nguvu mara moja. Sauti ikiruka na mwendo usifuate, umepata jibu. Kuna njia nyingine ya kupima ukiwa umesimama: weka gia ya tatu, bana breki zote mbili, ongeza mafuta kidogo na uachie klachi polepole. Klachi nzima itaizima injini. Ikiendelea kuunguruma, inateleza. Usirudie rudie hilo, maana kila ukifanya unazichoma pleti. Na ukisikia mlio wa kugonga pikipiki ikiruka ruka, hiyo si klachi, ni cheni inayoruka meno ya sproketi, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni.

Sasa anza na kisicho na gharama. Shika mkono wa klachi, uvute kwa kidole. Nchani unatakiwa uwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kukaza. Kwangu haukuwapo kabisa, waya ulikuwa umekaza kama kamba ya mbuzi. Pleti zikiliwa, mchezo hupungua wenyewe bila mtu kugusa kitu, na waya ukishakaza ni sawa na kuendesha siku nzima umeshika klachi nusu. Legeza nati ya waya upate mchezo, zungusha usukani kushoto na kulia uone kama unabaki, kisha upime tena mlimani. Kuna watu shida yao huishia hapo.

Kama bado, tazama oili. CG125 ina oili moja tu kwa injini, gia na klachi. Oili za gari zilizotengenezwa kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo huzifanya pleti ziteleze. Tafuta chupa yenye maandishi JASO MA, ni alama ya oili ya pikipiki zenye klachi inayolowa kwenye oili. Muuza spea akikuambia zote ni sawa, nenda duka la pili.

Kwangu mchezo wa waya ulisaidia kidogo tu. Tukamwaga oili, tukafungua kifuniko cha kulia. Pleti za msuguano zilikuwa nyembamba na zimeng'aa, za chuma zimegeuka buluu kwa joto. Seti ya pleti na springi, oili na gasketi, vyote havikufika hata robo ya pesa niliyomwachia yule bwana.

Ndiyo maana nasema, na nitarudia: usikubali injini ifunguliwe kabla klachi haijapimwa. Fundi asiyeipanda pikipiki yako na mzigo hajaipima. Muulize aliona nini, sio anadhani nini. Huo si utovu wa adabu, ni jasho lako.

Ukifika kwenye pleti, zilaze mpya ndani ya oili usiku kucha kabla ya kuzifunga. Zile za chuma ziweke juu ya kioo, iliyopinda itajionyesha. Badilisha springi zote pamoja, kaza bolti zake kwa kupishana, kidogo kidogo, na baada ya siku chache za kazi pima tena mchezo wa mkono kwa sababu pleti mpya hujipanga.

Lakini usinunue chochote kwanza. Kesho asubuhi shika mkono wa klachi, fanya jaribio la gia ya nne, kisha uniandikie sauti ilikwenda wapi.