Kwako Mwalimu Mpya: Angalia Walichoshika, Siyo Ulichomaliza

Mwalimu mwenzangu, umepokea barua ya kupangiwa kituo, umeripoti kwa mkuu wa shule, umekabidhiwa ratiba na orodha ya majina. Sasa utaingia darasani peke yako, bila mkufunzi aliyekaa nyuma na fomu ya tathmini. Nakuandikia kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilichapa kazi kwelikweli, na sehemu kubwa ya kazi ile haikumfikia mwanafunzi.

Nilipewa hisabati, darasa la watoto 61. Andalio la somo lilikuwa tayari kila asubuhi, na azimio la kazi nililifuata wiki kwa wiki. Mada ya kujumlisha sehemu niliimaliza kwa siku zilezile nilizopanga. Kila mwisho wa kipindi niliuliza, "Tumeelewana?" Darasa zima likaitikia, "Ndiyo, mwalimu!"

Ulipofika mtihani wa mwezi, zaidi ya nusu yao waliandika kwamba 1/2 ukijumlisha na 1/3 unapata 2/5. Nilikasirika, nikawaona ni watoto wasiosikiliza. Usiku, nikiendelea kusahihisha, nikagundua kwamba wote wamekosea kwa namna moja: wamejumlisha kiasi kwa kiasi, yaani namba za juu, na asili kwa asili, yaani namba za chini. Watoto thelathini na zaidi hawawezi kukosea hivyo kwa bahati mbaya. Walikuwa na kanuni yao, wanaifuata kwa uaminifu, nami kwa wiki mbili nzima sikuwahi kuiona kwa sababu sikuwahi kuwapa nafasi ya kunionyesha.

Kesho yake sikurudia somo. Niliwaambia wachore mistatili miwili inayolingana, mmoja watie rangi nusu yake, mwingine mbili ya tano, kisha waniambie ipi kubwa. Darasa likanyamaza. Halafu msichana mmoja, tena si katika wale wanaonyoosha mkono kila mara, akasema, "Mwalimu, tumeongeza, mbona imepungua?" Hapo ndipo somo la sehemu lilipoanza darasani kwangu, wiki mbili baada ya mimi kuandika kwamba limekwisha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba swali la "tumeelewana?" uachane nalo kabisa. Mtoto ambaye hajaelewa mara nyingi hajui kwamba hajaelewa. Anayejua, hatasimama kusema hivyo mbele ya wenzake. Badala yake, dakika tano kabla ya kengele, andika swali moja ubaoni, kila mmoja ajibu kwenye kipande cha karatasi. Swali liwe moja tu, na liwe lile linalogusa kiini cha ulichofundisha. Usizisahihishe karatasi hizo wala usizipe alama. Zigawe mafungu matatu: walioshika, waliokaribia, waliopotea. Hata darasa likiwa kubwa, kazi hiyo haizidi robo saa. Kisha soma fungu la waliopotea polepole ukijiuliza: huyu amewaza nini mpaka akafika hapa? Jibu utakalolipata ndilo andalio la somo la kesho. Madaftari ni mlima usiokwisha, najua, lakini kipande hicho kimoja kitakufaa kuliko madaftari 61 yaliyojaa tiki.

Jambo la pili ni kunyamaza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu wa sayansi husubiri baada ya kuuliza swali. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1974, na wastani ulikuwa kama sekunde moja. Ikipita hiyo, mwalimu anarudia swali, anamtaja mwingine, au anajibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, wanaojitolea kujibu wakaongezeka, na majibu ya "sijui" au ukimya yakapungua. Alisisitiza pia kusubiri kwa pili, baada ya mwanafunzi kujibu, kabla hujasema "vizuri" au "hapana". Wengi tunausahau huo, na kwangu mimi ndio wenye faida zaidi, kwa sababu mtoto asiposikia hukumu mara moja huendelea kufikiri, na mara nyingi hujirekebisha mwenyewe.

Sekunde tatu zinaonekana fupi ukizisoma hapa. Ukiwa mbele ya darasa, nyuso zote zinakutazama, ni ndefu mno. Hesabu kimoyomoyo. Na jina la mwanafunzi lije baada ya swali, siyo kabla, kwani ukianza na jina wengine wote wanapumzika.

Utaambiwa sana kuhusu nidhamu. Utasikia kwamba usicheke muhula wa kwanza, kwamba ukilegea siku ya kwanza umekwisha. Nilifuata ushauri huo nikaishia na darasa linaloniogopa na lisiloniuliza chochote. Mtafiti Jacob Kounin alirekodi madarasa mengi kwa video na kutoa kitabu mwaka 1970. Alitegemea kuona kwamba walimu wenye madarasa tulivu wanakemea kwa namna iliyo bora. Hakukuta hivyo. Kilichowatofautisha ni yale waliyofanya kabla ya vurugu kuzuka: macho yao yalikuwa darasa zima hata wanapomsaidia mmoja, na walihama kutoka kazi moja kwenda nyingine bila kuacha mwanya.

Tafsiri yake kwa kazi yako ya kila siku ni nyepesi. Vurugu nyingi huzaliwa wakati watoto hawana la kufanya: unapofuta ubao, unapotafuta chaki, unapogawa madaftari jina kwa jina. Andika swali la kuanzia kabla hawajaketi. Wagawaji wa madaftari wateue mapema, kila safu na wake. Usiuandikie ubao dakika kumi ukiwa umewapa mgongo. Na jifunze majina. Mimi nilichora ramani ya viti, nikaweka juu ya meza, nikajifunza safu moja kwa siku. Kumwita mtoto "wewe wa nyuma pale" kunamfundisha kwamba kwako yeye ni kiti tu.

Kuna kusahau pia, na usikuchukue kama dharau. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tulichojifunza hupotea kwa kasi kubwa mwanzoni, kisha kasi hupungua. Kwa hiyo mada uliyoifundisha vizuri na ukaiacha inaondoka. Mimi huanza vipindi vyangu kwa maswali matatu, madaftari yakiwa yamefungwa: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Mtoto anayelazimika kulitafuta jibu kichwani hulihifadhi kuliko anayelisoma tena.

Mengine nitayapitia haraka. Weka nakala ya kila barua ya ajira na kila fomu unayosaini, tangu siku ya kwanza. Utapewa zamu, michezo na klabu mapema, kwa kuwa wewe ni mgeni na una nguvu. Pokea kwa heshima, lakini ukiona maandalizi ya somo yanaanza kuliwa, mwendee mwalimu wa taaluma mapema useme wazi. Katika ofisi ya walimu, yakianza mazungumzo ya kuwasema watoto vibaya, ondoka polepole. Tafuta mwalimu mmoja anayependa kazi yake, umwombe ukae nyuma ya darasa lake kipindi chako kimoja cha wazi kila wiki. Nilichojifunza kwa mwenzangu wa namna hiyo, aliyekuwa akifundisha lugha wala si hisabati, kilikuwa kingi kuliko nilichokipata kwenye semina yoyote.

Na mwisho wa muhula wa kwanza, wape karatasi zisizo na majina waandike jambo moja linalowapa shida katika vipindi vyako. Mikono itakutetemeka kidogo ukizifungua, ila zifungue zote. Ya kwangu iliyonibadilisha ilikuwa na mstari mmoja, kwa mwandiko mdogo sana: "Mwalimu, ukisema 'kama mnavyokumbuka', mimi huwa sikumbuki, halafu naogopa."