Miaka 40 si umri wa mvua

Swali la wiki: je, ukame uliomaliza mifugo Longido na Simanjiro mwaka 2021 na 2022 ndio mbaya kuliko yote kanda ya Kaskazini?

Sivyo. Ile kauli ya "ukame mbaya kuliko yote kwa miaka 40" iliyovuma wakati ule ni umri wa daftari tu: takwimu za mvua za setilaiti zinazotumika sana zinaanzia 1981. Mizoga nayo si kipimo. Emutai, yale maafa makubwa ya Wamaasai ya miaka ya 1890, ilichanganya sotoka (tauni ya ng'ombe), ndui na ukame.

Daftari refu liko Ziwa Chala, huko Rombo mpakani. Tope la chini lina tepe nyembamba, jozi moja kwa mwaka, mweupe na mweusi. Mwaka mkavu wenye upepo mkali wa kipupwe, maji huvurugika hadi kina kirefu, virutubisho hupanda, mwani wenye ganda la silika huzaliana, na utepe mweupe unanenepa. Tope la Naivasha, Kenya, linaonyesha vipindi vikavu vya 1380–1420, 1560–1620 na 1760–1840, vyote vikali kuliko ukame wowote wa karne ya 20. Barafu ya Kilimanjaro ina tabaka la vumbi la sentimita 3, la miaka kama 4,000 iliyopita. Huo ulikuwa ukame wa karne kadhaa, si wa misimu.

Mwenye daftari lake la mvua asijumlishe mwaka mzima. Masika (Machi–Mei) ipimwe peke yake na vuli (Oktoba–Desemba) peke yake, kila moja dhidi ya wastani wa 1991–2020. Masika nzuri huficha vuli iliyokufa. Siku isiyosomwa iachwe wazi. Ukiandika 0 umetunga ukame. Kipima mvua kikae mbali na mti angalau mara mbili ya urefu wa mti huo, maana mgrevilea uliopandwa jana kesho unakinga mvua. Na kikihamishwa kutoka kihambani (shamba la nyumbani mlimani) kwenda tambarare, hiyo ni rekodi mpya. Usiiunge na ya zamani.

Kilichobadilika sasa ni joto. Uchambuzi wa 2023 kuhusu Kenya, Ethiopia na Somalia ulikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa ukame ule takriban mara 100, hasa kwa sababu udongo na majani hupoteza maji haraka zaidi. Kipima mvua hakioni hilo, kwa hiyo kando ya milimita andika na joto la juu la siku.