Kusuka tu, mpaka leseni?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mdogo wangu yuko Dallas kule Texas, anasukia watu rasta na twende kilioni, sasa mwenzake kamtisha eti bila leseni atakamatwa. Halafu nasikia wale wa Marekani wanaotaka serikali ipunguzwe wanapigania wasusi, mi nilidhani wanatetea matajiri tu wasilipe kodi? Nifafanulie. – Msomaji, Tanga

JIBU: Dada yangu, mtoe hofu. Texas tangu 2015 kusuka hakudaiwi leseni ya urembo. Ila kufika hapo watu wameteseka, mwaka 1997 hapo hapo Dallas polisi walimkamata msusi anaitwa Isis Brantley, kosa lake kusuka bila leseni. Baadae akataka kufundisha wenzake, akaambiwa chuo lazima kiwe na viti 10, masinki ya kuoshea nywele na ukubwa wa futi za mraba 2,000, sasa sinki la nini kwenye kusuka?! Akaenda mahakamani, Januari 2015 jaji wa shirikisho akayatupa hayo masharti, na mwaka huohuo bunge la Texas likafuta leseni yenyewe. Utah nako Jestina Clayton, aliyekimbia vita Sierra Leone, alitakiwa asome masaa 2,000, karibu yote hayahusu kusuka, akashinda kesi 2012.

Hoja ya hao wanaotaka serikali ipunguzwe ni hii na mi naikubali kabisa: leseni ipo ili mteja asiumizwe, sasa kama hakuna dawa ni vidole na kitana tu, inamlinda nani? Inawalinda waliokwisha ingia kwenye biashara, na anayeumia ni mama asiye na ada ya chuo ila kusuka alifundishwa na bibi yake barazani toka mdogo. Hata Ikulu ya Obama ilitoa ripoti 2015 ikasema zaidi ya robo ya wafanyakazi wanadaiwa leseni na nyingine zinawafungia watu riziki bure.

Wapo kati yao wanaotaka hata leseni za madaktari zifutwe, hapo siendi nao, daktari akikosea unazikwa. Na dawa za kulainisha nywele zinababua kweli, kwa hiyo mdogo wako akianza kuweka dawa hapo leseni anatakiwa awe nayo. Na akihama Texas asidhani ni yaleyale, kila jimbo lina sheria yake, aulize kwanza ndo afungashe.