Yule mama mwenye dhahabu kichwani
Hapana kaka, uliyeuliza kama yule mama kwenye ile picha ya zamani ni malkia wa Troy, siyo malkia, ni Sophia, Mgiriki wa watu, mke wa Heinrich Schliemann, yule Mjerumani mchimbaji wa mambo ya kale. Mumewe alichimba hizo dhahabu Hisarlik, Uturuki, alikoamini ndiko ulikokuwa mji wa kale wa Troy, mwaka 1873, akazitorosha kimyakimya mpaka Athens, ndo mkewe akavalishwa wakampiga picha. Hebu izumu uone, ile taji ya kuning'inia ina vipande zaidi ya elfu 16, vicheni vya kwenye paji la uso ni vifupi, vya pembeni vinashuka mpaka mabegani, na ilibidi atulie tuli, maana kamera za enzi hizo ukitikisika kidogo tu picha inatoka ukungu. Mi naona ile picha ndo ilikuwa tangazo kubwa la Schliemann kuliko vitabu vyote. Waottoman, watawala wa Uturuki enzi hizo, wakamshtaki, akalipa faranga 50,000 yakaisha, 1881 akawapa Wajerumani bure zikawekwa makumbusho huko Berlin, halafu 1945 Wasovieti wakazibeba na wakakaa kimya miaka na miaka eti hawajui ziliko, mpaka 1996 zikaonyeshwa makumbusho ya Pushkin, Moscow, na ziko hukohuko mpaka leo, Wajerumani wanadai tu.

Ah na hilo jina la hazina ya Priam alilozipa hizo dhahabu, yaani za yule mfalme wa Troy wa kwenye hadithi za Wagiriki, ni mbwembwe zake, vile vitu vimemzidi umri huyo Priam kama miaka elfu hivi. Hata ile stori kwamba Sophia alizibeba kwenye shali siku ya kuchimba ni uongo, mama wa watu alikuwa Athens.